Kokoto Katika Mifuko ya Castory Bunyoge

Baba Paroko, Bibi yetu Agnesi, wazee wa Simbo, majirani wa Bangwe na Rusimbi, na jamaa zetu wa Ujiji mliopanda mpaka huku na masufuria yenu: tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 7 Juni 2025, ni Castory Martini Bunyoge. Wengi mlimwita Mzee wa Milima. Wengine mlimjua kama yule baba ambaye mfuko wake mmoja ulikuwa ukilia cha-cha-cha kama kayamba kila anapotembea. Mifuko ile ina habari yake, na ndani ya habari hiyo mna neno moja ambalo Castory alilibeba kwa miaka kumi na minane akitafuta namna ya kumwambia mama yake mzazi. Litasomwa hapa bila kufichwa, kwa sababu mama yake mwenyewe amesema lisomwe.

Castory alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa hapa Simbo, nyumbani kwa Mzee Martini Bunyoge, ambaye naye ametangulia, na Bibi Agnesi. Alikuwa mtoto wa tatu. Wa tatu kati ya wangapi? Katika nyumba ile hilo lilikuwa swali lisilo na jibu. Bibi Agnesi alirithi kwa mama yake mwiko mmoja, kwamba watu wa nyumbani kwako hawahesabiwi. Hesabu mbuzi, hesabu magunia ya muhogo, lakini ukiwahesabu watoto wako unakionyesha kifo pa kuanzia. Mwaka 1978 karani wa sensa alifika na makaratasi yake kwapani.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Nina hawa."

"Hawa wangapi?"

"Hawa unaowaona."

"Sasa mama, mimi naona wawili, na wengine nawasikia wanacheka nyuma ya nyumba."

"Basi kaa kwenye kigoda. Watakuja kukuamkia mmoja mmoja. Wewe hesabu, kinywa ni chako."

Watoto wakatoka, shikamoo, shikamoo, na Castory, aliyekuwa na miaka saba, akazunguka nyuma ya nyumba akaja kuamkia mara ya pili. Huenda mpaka leo kuna mtoto mmoja wa Simbo kwenye vitabu vya serikali ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Alisoma shule ya msingi hapa Simbo kuanzia mwaka 1980 hadi 1986. Siku hizo madaftari yalikuwa ya kubahatisha, na mwalimu wa hesabu aliwatuma watoto wakaokote kokoto barabarani. Kumi za kujumlisha, kumi za kutoa. Wenzake walizitupa kengele ikilia. Castory alirudi nazo nyumbani, akawa analala nazo chini ya mto. Alimaliza darasa la saba akiwa wa kwanza kwa hesabu, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache na jina lake halikutoka. Alilia siku mbili. Siku ya tatu mama yake alimkalisha jikoni akamwambia, "Mwana wanje, mwanangu, kichwa chako ni cha hesabu, Mungu hakukosea. Kahesabu mizigo ya watu, utakula. Ila kumbuka nilichokwambia: watu wako, usiwahesabu." Castory aliitika. Alikuwa mtoto wa kuitika na kutimiza.

Mwaka 1987 alishuka Kigoma mjini, akabeba mizigo bandarini. Mwaka 1993 alianza kubeba mabegi ya wageni wanaopanda milima ya kusini mwa ziwa, upande wa Mahale, kwa safari za miguu za siku tatu, nne, hata tano. Mwaka 1999 akawa kiongozi wa safari. Kiingereza alijifunza njiani, ndiyo maana alijua majina ya ndege na miti na magonjwa ya miguu lakini hakujua kiti cha sebuleni kinaitwaje. Huko milimani ndiko alikokutana na Kassimu Mwinshehe wa Ujiji, mpishi, ambaye walitaniana kuanzia siku ya kwanza na hawakuacha.

Kazi ya kiongozi, alisema, ni moja tu: walioondoka ndio wafike. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kung'oa hema, aliokota kokoto kwa idadi ya wageni akazitia mfuko wa kushoto wa suruali. Jioni alisimama penye kambi, na kila mgeni aliyefika, kokoto moja ilihama kwenda mfuko wa kulia. Mfuko wa kushoto ukinyamaza, ndipo anavua viatu. Kwa miaka yote ile hakuwahi kupoteza mgeni. Wapagazi na mpishi hawakuwa na kokoto. Hao walikuwa watu wa nyumbani.

Tarehe 24 Agosti 1996, Jumamosi, alifunga ndoa kanisani na Happiness, binti wa Rusimbi aliyekuwa akiuza vitenge sokoni. Alimpata kwa subira, maana kwa miezi mitano alikuwa akinunua kitenge kila Jumamosi, mpaka Happiness akamwambia mbele za watu, "Kaka, hivi una wake wangapi wa kuwavisha?" Castory akajibu, "Nahifadhi. Nikimpata mmoja vitamtosha." Walijenga Bangwe, nyumba inayoona maji, wakajaliwa Bariki, Editha na Diana. Happiness ndiye anayeijua mifuko ile kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiye aliyefua zile suruali.

Sasa tunafika mahali ambapo hata Kassimu, anayependa maneno, hunyamaza.

Novemba 2006 Castory alichukua wageni wanane kwa safari ya siku nne. Miongoni mwa wapagazi alikuwamo mdogo wake wa mwisho, Oswald, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili. Oswald alibeba sufuria kubwa ya ugali, na mvua ikinyesha aliigeuza kofia, wageni wakacheka. Siku ya pili, tarehe 11, mvua ilishuka kama mtu amekata kamba. Msafara ulifika kambini saa kumi alasiri. Castory alisimama penye kambi, akahamisha kokoto: moja, mbili, mpaka nane. Mfuko wa kushoto ukanyamaza. "Wote wamefika," alisema, akavua viatu.

Baada ya saa nzima Kassimu, akiwa ameinama anapuliza moto, akauliza, "Jamani, sufuria kubwa iko wapi?"

Sufuria ndiyo iliyoulizwa. Kwa kuiulizia sufuria ndipo wakajua mtu hayupo.

Walirudi mbio. Lakini kijito walichokivuka mchana kwa kukanyaga mawe kilikuwa kimefura, na giza lilikuwa limeshika. Walijifunga kamba wakajaribu mara mbili, na mara mbili maji yaliwarudisha. Kulipopambazuka walimkuta Oswald amekaa ameegemea mti, mguu umevunjika kwa kuteleza, sufuria ameifunikia magoti, mvua na baridi vimemmaliza. Kutoka pale hadi kambini ni mwendo wa dakika arobaini. Kama wangerudi saa kumi wangemkuta hai. Kassimu anasema hivyo, na Castory alijua hivyo. Kwenye kile kijito aliokota kokoto moja nyeusi, bapa, akaitia mfuko wa kushoto.

Walimleta Simbo. Bibi Agnesi alimwuliza Castory swali moja tu.

"Alikuwa peke yake?"

"Ndiyo, mama."

"Hakuna aliyeona kwamba kabaki?"

Castory akafungua kinywa, akasema, "Ilikuwa mvua, mama."

Ni kweli ilinyesha. Lakini siyo alichoulizwa, na wote wawili walijua. Hilo ndilo neno alilotaka kulirudisha. Bibi hakuuliza tena. Aliingia ndani, na Castory aliamini kwamba mama yake amemhukumu.

Kwa mwaka mmoja na zaidi hakupanda mlima. Aliporudi kazini mwaka 2008, kila mtu alikuwa na kokoto: wageni, wapagazi, mpishi. Kassimu alilalamika: "Eeh! Na mimi sasa nimekuwa changarawe? Mtu mzima, mwenye ndevu?" Castory akamwonyesha kokoto yake. Kassimu akaitazama. "Angalau ungenichagulia iliyo nzuri." Kila jioni zilihama, isipokuwa ile nyeusi. Ile haikuwahi kuhamia mfuko wa kulia. Happiness aliitoa kabla ya kufua, akaiweka dirishani, suruali ikikauka akairudisha mfuko uleule wa kushoto. Hakuuliza. Kuna mambo mke huyajua kwa kufua.

Mwaka 2019 mgeni mmoja wa zamani, daktari mstaafu aliyeitwa Mama Greta, alimwandikia barua. Alisema Castory amemwongoza milimani mara tatu, na sasa, kabla magoti yake hayajamgomea, anataka waende pamoja kwenye milima ya Himalaya, nchini Nepal, kwa gharama yake, na safari hii Castory asiongoze mtu. Aongozwe. Castory aliisoma barua mara nyingi mpaka ikachanika penye mikunjo.

Kassimu alikuja kumuaga. "Wee Castory, yaani utavuka bahari kwenda kutembea kwa miguu? Si uniambie, nikuzungushe hapa Mwanga na Gungu mpaka uchoke?"

"Huko kuna theluji."

"Na hapa kuna dagaa. Theluji inaliwa?"

Basi akabeba dagaa kilo mbili, na chupa ya mawese iliyofungwa kwa soksi tatu.

Alisafiri Oktoba. Kutoka Kathmandu walipanda gari kutwa nzima kwenye barabara ambayo upande mmoja ni ukuta na upande wa pili hamna kitu, mpaka kijiji cha Syabrubesi, ndipo wakaanza kutembea kulifuata bonde la Langtang. Walikuwa kumi na wawili: wageni wanane, wapagazi watatu, na kiongozi wao, kijana mfupi mpana aliyeitwa Pasang. Siku mbili za mwanzo walipita msitu wa mianzi kandokando ya mto mweupe kama uji, na Castory alicheka, maana kulikuwa na tumbili, akasema amesafiri kote kule kuja kuona jirani zake. Siku ya tatu miti ilikwisha. Bonde likafunguka, na juu yake milima ilisimama myeupe kabisa, siyo kama chumvi, siyo kama pamba. Aliporudi nyumbani, binti yake Diana alimbana sana kwa swali hilo, kama nini basi, baba, kama nini, na Castory alifikiri siku nzima kabla ya kujibu: "Kama kitu ambacho hakijawahi kuguswa."

Huko kuna ng'ombe wenye manyoya mpaka magotini. Kuna kuta ndefu za mawe yaliyochongwa sala, na anayepita huziacha upande wa mkono wa kulia. Na kuna mahali ambapo njia inapita juu ya uwanja wa mawe matupu, wageni wakawa wanapiga picha, mpaka Pasang akawaomba wanyamaze. Chini ya mawe yale, alisema, kuna kijiji. Tetemeko la mwaka 2015 liliuangusha mlima juu yake. Kando wamejenga ukumbusho, na majina ya waliokufa yameandikwa moja moja. Castory alisoma majina yote ingawa hakujua kuyatamka. Wenzake walimsubiri.

Lakini kilichomsumbua kuliko vyote ni Pasang kuhesabu. Asubuhi, penye kila daraja, penye kila kikombe cha chai: ek, dui, tin, char. Alihesabu wageni, akahesabu wapagazi, mwisho akajigusa kifua, akajihesabu mwenyewe. Kila kidole kilipomfikia, Castory alihisi kama anachomwa. Jioni moja, wakati anawakaangia wapagazi dagaa kwa mawese na chumba kizima kinapiga chafya, alimwambia kwa Kiingereza chao cha kazini, "Kwetu, watu wa nyumbani hawahesabiwi."

"Kwa nini?"

"Ili kifo kisiwajue."

Pasang alitafuna dagaa wake kichwa na mkia. Kisha akasema, "Kwetu tunahesabu kwa sababu kifo kinawajua tayari."

Siku ya saba, kutoka kituo cha Kyanjin, walipanda kilima kimoja chenye urefu wa mita elfu nne na mia saba. Castory alikuwa mtu wa ziwani. Kichwa kilianza kumgonga tangu jana yake, na asubuhi ile alitapika nyuma ya jiwe, lakini hakusema. Yeye ni kiongozi, atasemaje? Wakati wa kushuka alijidai anafunga kamba ya kiatu, akaacha wenzake watangulie. Akafunga kamba. Akakaa. Theluji ikaanza kudondoka bila sauti (Diana aliuliza hilo pia, na jibu ni kwamba haina sauti kabisa), na kukaa kukawa kutamu. Aliona maji ya Bangwe mbele yake, tulivu. Alisema baadaye kwamba hakuogopa hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha alipokumbuka.

Chini, kwenye nyumba ya chai, Pasang alihesabu. Kumi na moja. Hakumwuliza mtu yeyote kitu. Aliweka kikombe chini, akapanda tena mbio.

Castory alihisi mtu anamtikisa mabega. "Kwa nini umerudi?" alimwuliza.

"Umepungua," Pasang akasema. "Tulikuwa kumi na wawili."

Castory alilia pale kwenye theluji kwa sauti, mwanamume wa miaka arobaini na minane, na Pasang, akidhani ni maumivu ya kichwa, akampa bega. Alasiri ileile alimteremsha mpaka kijijini chini, ambako pumzi ilirudi na kichwa kikatulia. Huko, mbele ya moto, Castory alimweleza habari ya kokoto, na habari ya Oswald, yote, hata neno la mvua. Mtu wa kwanza duniani kuisikia alikuwa mgeni asiyejua Simbo iko wapi. Pasang hakusema pole. Kesho yake alimletea kokoto nyeupe yenye chembe zinazometameta, aliyoitoa mfukoni mwake. "Nimeiokota pale ulipokuwa umekaa. Hii ni yako." Kwa maisha yake yote Castory alikuwa na kokoto ya kila mtu isipokuwa yake.

Aliporudi, Diana, aliyekuwa na miaka kumi, alimwuliza maswali kutoka uwanja wa ndege mpaka mlangoni. Alijifunza kuhesabu ek, dui, tin mpaka kumi. Na ndipo, bila kujua anachofanya, akauliza, "Kwa hiyo Pasang ndiye aliyekuhesabu wewe. Na baba mdogo Oswald, yeye alihesabiwa na nani?"

Castory alinyanyuka akaenda kusimama ufukweni. Jumapili iliyofuata alipanda Simbo kumwambia mama yake. Alikaa, akanywa togwa, wakaongea habari za muhogo na paa linalovuja, akarudi. Jumapili nyingine akaenda tena. Alilitengeneza paa. Alilipaka chokaa jiko. Kwa miaka mitano alienda na lile neno na kurudi nalo, na Bibi Agnesi kila mara alimsindikiza mpaka njia panda, akasimama pale kama mtu mwenye kitu cha kusema, kisha akamwambia asalimie nyumbani.

Agosti 2024 chakula kilianza kumkwama. Madaktari walisema ni saratani ya koo la chakula. Alitibiwa Dar es Salaam kwa miezi sita, akarudi Bangwe Februari akiwa mwepesi kiasi kwamba Bariki alimbeba kutoka kwenye gari kwa mikono miwili kama mtoto anayelala. Hakulalamika. Aliomba kitanda kigeuzwe kitazame maji, na suruali yake ya safari itundikwe kwenye msumari nyuma ya mlango, na mifuko yake isiguswe. Kassimu alikuja kila siku na uji alioukoroga mwenyewe. "Kunywa. Huu si wa wageni, una sukari ya kweli." Castory alikunywa vijiko viwili ili rafiki yake asinune.

Jumapili tarehe 25 Mei, Bibi Agnesi aliletwa kutoka Simbo. Aliingia na fimbo yake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaushika mkono wa mwanawe. Happiness na Diana walikuwamo chumbani. Castory alikuwa amebakiwa na sauti kidogo mno, kama karatasi inayokunjwa.

"Mama," alisema. "Haikuwa mvua."

Bibi akamsogezea sikio.

"Nilihesabu wageni. Walikuwa wanane, nikavua viatu. Oswald sikumhesabu. Ningemhesabu ningerudi, na ningemkuta. Mimi ndiye niliyemwacha mwanao."

Fimbo ya Bibi Agnesi ikaanguka bila yeye kujua. Kisha akasema, "Wewe ulihesabu mpaka mto wako ulijaa kokoto. Nani alikukataza kuhesabu watu wako?"

"Mama..."

"Nani? Sema."

"Wewe, mama."

"Mimi. Tangu siku ile mlipomleta nimejua ni mdomo wangu. Nilikuuliza kama hakuna aliyeona, nikiomba useme kuna aliyeona. Ungesema yupo, ningepata nafuu. Uliposema mvua, nikajua unanificha. Nikadhani unaniona mchawi wa mwanangu. Nikaona nisikuulize tena, usije ukalisema."

Miaka kumi na minane. Mmoja Bangwe, mmoja Simbo, mwendo ambao mtu anaenda na kurudi kabla jua halijatua, na kila mmoja alidhani yeye ndiye anayesubiri kusamehewa.

Ndipo Bibi Agnesi akaukunjua mkono wa kuume, akavishika kimoja kimoja vidole vyake, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. "Wa kwanza, Pastory. Wa pili, Alfonsina. Wa tatu, Castory. Wa nne, Yustina. Wa tano, Feliksi." Vidole vikaisha. Akachukua kidole cha Castory. "Wa sita, Oswald. Nilizaa sita. Nimewahesabu mimi, mama yenu. Asiye radhi na aje kwangu."

Akaomba aletewe suruali. Happiness aliitoa msumarini. Bibi alitia mkono mfuko wa kushoto, akaitoa ile kokoto nyeusi, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaitia mfuko wa kulia. "Amefika," alisema. Akarudisha mkono mfuko wa kushoto. "Na hii nyeupe?"

"Hiyo yangu," Castory akasema. Alikuwa anatabasamu. "Iache hapo, mama. Mimi bado niko njiani."

Siku zilizobaki alilala vizuri. Alifariki nyumbani kwake Bangwe siku ya Alhamisi, tarehe 5 Juni 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, maji yakiwa tulivu.

Kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu, na kwa ruhusa ya Bibi Agnesi, aliowaacha wanatajwa kwa hesabu. Ameacha mama mmoja. Ameacha mjane mmoja, Happiness. Ameacha watoto watatu, Bariki, Editha na Diana, na mjukuu mmoja ambaye ameanza kutembea majuzi na tayari anaokota kila kitu chini. Ameacha ndugu wanne. Ameacha rafiki mmoja, Kassimu Mwinshehe, ambaye amesema asipotajwa hapa, leo hakuna atakayekula, na ndiye aliyewapikia ninyi nyote tangu juzi kwa sufuria ileile kubwa, ambayo hakukubali iuzwe wala itupwe. Na huko bonde la Langtang ameacha mtu mmoja, Pasang, ambaye tumemwandikia, na amejibu kwa mstari mmoja: anaomba tumwambie idadi yetu tukishamaliza kuzika.

Castory amevalishwa ile suruali yake ya safari. Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijafungwa, Bibi Agnesi aliomba asogezwe karibu. Alitia mkono mfuko wa kushoto wa mwanawe, akaitoa kokoto nyeupe, akaitia mfuko wa kulia, kando ya ile nyeusi. Akaugusa tena mfuko wa kushoto kuhakikisha. Ulikuwa kimya.

"Wote wamefika," alisema. "Mvueni viatu."

Tumemvua. Apumzike kwa amani.